Karpi wa usiku: unywele, unga wa dagaa na mahindi ya kopo

Nikimwambia Mtanzania mwenzangu kwamba Ijumaa nakesha ziwani hapa Uingereza kuvua karpi, samaki mkubwa wa maji baridi, swali la kwanza huwa moja: mnampikaje? Nikijibu kwamba hatumpiki, kwamba tunampima, tunampiga picha kisha tunamrudisha majini, mazungumzo hukatika palepale. Mama yangu, aliyeuza sato na sangara Mwanza tangu sijazaliwa, alinyamaza kwenye simu, halafu akasema: "Yaani mwanangu, unakesha kwenye baridi, unamkamata samaki wa kilo kumi, unampaka dawa, unamwachia?" Ndiyo, mama. Na dawa tunampaka kweli, pale ndoano ilipochoma.

Wapoland wanamla bila wasiwasi. Kwao ndiye samaki wa mkesha wa Krismasi. Lakini hapa Uingereza karpi wa ziwa la kulipia ni mali ya mwenye ziwa, wakubwa wao wana thamani ya maelfu ya pauni, na ukiondoka naye umeiba. Tena lazima uwe na leseni ya fimbo ya kuvulia kutoka Environment Agency, wakala wa mazingira wa serikali, ukishatimiza miaka 13. Ukikutwa huna, faini inaweza kufika pauni 2,500. Juu ya leseni kuna tiketi ya ziwa lenyewe, na si kila ziwa linaruhusu kulala. Hayo tuyaache hapo, maana kilichonikalisha kuandika ni chambo na ndoano.

Ukiingia duka la vifaa vya karpi utadhani umeingia duka la pipi. Ukuta mzima umejaa vidonge vya chambo vya kila rangi na kila harufu: nanasi, stroberi, ini, kaa, vitunguu saumu. Mvuvi mgeni hununua vitano, hununua na ndoano za aina nne kwa sababu muuzaji kamwonyesha video, kisha anafika ziwani magharibi na kuanza kubahatisha gizani. Msimamo wangu ni kwamba uvuvi wa usiku huamuliwa mchana, na huanzia kwenye sakafu ya ziwa. Ukishajua chini kuna nini, ndoano na chambo vinajichagua vyenyewe, na mara nyingi vinakuwa vile vya bei rahisi.

Kwa nini usiku, kwanza. Ziwa lenye watu lina kelele za vigari vya mizigo, nyundo za mahema na mbwa wanaoogelea. Karpi huyasikia yote, kwa hiyo mchana hukaa mbali, katikati ya maji au chini ya matawi yaliyoinama. Giza likitulia hurudi kingoni, hatua chache kutoka ulipoegesha kiti, kwa sababu kingo ndizo zenye konokono, mabuu na makombo ya chambo yaliyomwagwa na watu wanaoondoka. Kuna usiku mbaya pia. Kiangazi, katika ziwa lililojaa magugu maji, mimea ikikosa jua huacha kutoa oksijeni na badala yake huitumia, hivyo muda mfupi kabla ya mapambazuko ndipo maji yanapokuwa na hewa kidogo kuliko saa zote. Usiku wa namna hiyo, wa joto na usio na upepo, karpi hana hamu ya kula hata ukimwekea pilau. Nikiukuta nahamia upande ambao upepo wa mchana ulikuwa unapiga, au nalala usingizi wangu.

Sisi wa Kanda ya Ziwa uvuvi wa usiku tunaujua kwa namna nyingine. Wavuvi wa dagaa husubiri siku za giza, mwezi ukiwa haupo, wakawasha karabai au taa za betri juu ya maji na dagaa wakaifuata nuru. Huku ni kinyume kabisa. Taa ya kichwani unaigeuza iwe nyekundu, unaifungua ukiwa umeyapa maji mgongo, na ukimulika kingo kwa bahati mbaya jirani yako wa ng'ambo ya ziwa atakukoholea.

Sasa mdomo wa karpi, maana bila kuuelewa huo, habari za ndoano ni porojo. Karpi hana meno kinywani. Meno yake yako kooni, magego mapana yanayosaga konokono na mbegu ngumu. Pembeni mwa midomo ana ndevu nne za kuonja na kupapasa. Hamvizii mtu wala hang'ati, anafyonza. Anatoa midomo nje, anavuta maji pamoja na tope na chakula, anachuja, anameza kinachofaa na kutema kingine kwa nguvu ileile. Akifyonza ndoano yako akaishtukia, anaitema na wewe umekaa pale na chai yako, kengele ya fimbo haijalia, huna habari.

Kwa miaka mingi Waingereza walikuwa wanaificha ndoano ndani ya chambo, kama wafanyavyo wavuvi wengi duniani, na karpi wakubwa walikuwa wanawacheka. Mvuvi Richard Walker alipomtoa karpi wa ratili 44, karibu kilo 20, katika bwawa la Redmire tarehe 13 Septemba 1952, ilikuwa usiku ukielekea alfajiri, na chambo kilikuwa mkate: donge la mkate uliokandwa pamoja na kipande cha ganda lake ili kisizame sana kwenye uchafu wa chini. Samaki yule alipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya London, akaitwa Clarissa, akaishi huko hadi 1971. Rekodi hiyo ya Walker, ya karpi mkubwa kuliko wote Uingereza, ilidumu zaidi ya robo karne. Hilo linakuonyesha ugumu wenyewe ulivyokuwa.

Mambo yalibadilika wavuvi wawili, Len Middleton na Kevin Maddocks, walipoanza kuwachunguza karpi waliofugwa kwenye tangi, wakaona jinsi chambo chenye ndoano ndani kinavyosogea kigumukigumu samaki anapokifyonza. Wazo lao lilikuwa rahisi mno: chambo kisiguse ndoano kabisa. Kining'inie nje, kwenye unywele. Mwanzoni ulikuwa unywele halisi wa binadamu, baadaye uzi mwembamba. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 siri ilikuwa imevuja nchi nzima, na tangu hapo karpi hajapata raha.

Utendaji wake uko hivi. Samaki anafyonza chambo, ndoano tupu inakifuata nyuma. Anapofunga mdomo au kutema, chambo kinatangulia kutoka na ndoano, kwa kuwa ncha yake haijafunikwa na kitu, inajishika kwenye mdomo wa chini. Anahisi mchomo, anainua kichwa, anakutana na chubwi, ule uzito wa risasi, la gramu 85 au 110 lililoshikizwa kwenye mshipi. Anatimka. Kule kutimka ndiko kunakoikaza ndoano, si mkono wako. Ndiyo maana mvuvi wa karpi anaweza kulala na samaki akajinasa mwenyewe. Sharti ni kwamba chubwi lichomoke kirahisi mshipi ukikatika, vinginevyo samaki atabaki anaburuta risasi kwenye magugu mpaka afe. Kuna kibanio kidogo cha plastiki cha kazi hiyo na hakifiki bei ya soda. Mtu anayefunga chubwi kwa fundo lisilofunguka simwonei haya kumwambia.

Kufunga ndoano yenyewe nitakueleza kama ninavyoifunga mezani kwangu. Nachukua uzi uliosukwa, kama sentimita 30, nafunga kitanzi kidogo mwishoni. Natia chambo kwenye kitanzi kwa sindano yenye kijino, naweka kizuizi, halafu ndipo napitisha upande mwingine wa uzi kwenye tundu la ndoano, nikianzia upande wa mgongo wake. Naushusha mpaka chambo kimebakiza nafasi ya upana wa penseli kutoka kwenye mkunjo wa ndoano. Nazungusha uzi kwenye shina mara saba au nane, kila mzunguko ukilala kando ya mwenzake, kisha narudisha mwisho wa uzi kwenye tundu kwa kupitia uleule upande wa mgongo. Natia mate, nakaza taratibu. Ukibaki na sentimita 18 hivi za kwenda kwenye chubwi, inatosha. Jaribio ni hili: laza ndoano kwenye kiganja, ishike kwa ncha ya uzi, ivute. Ikigeuka na kukwaruza ngozi, iko sawa. Ikiteleza imelala, ifungue uanze tena. Ncha nayo naijaribu kwenye ukucha wa dole gumba; ikiteleza juu ya ukucha badala ya kudona, inaenda kwenye kopo la taka hata kama imetoka kwenye pakiti leo. Ndoano namba 6 ndiyo ninayoitumia karibu kila mahali, isiyo na kijino pale sheria ya ziwa inapotaka hivyo.

Nikifika ziwani sifungui chambo. Nafunga chubwi tupu kwenye fimbo moja na kuanza kulitupa huku na huku nikishika mshipi kwa kidole likizama. Likigota na kutetemesha fimbo, chini pana changarawe au mfinyanzi mgumu. Likitua polepole kama limeangukia godoro, hapo ni tope laini. Nikilivuta likakataa kisha likachomoka na majani, jibu ninalo. Napendelea mahali ambapo tope linakutana na ugumu, kwa sababu karpi wakila mara kwa mara husafisha sakafu kwa kufyonza, na penye usafi katikati ya uchafu ni meza yao.

Kwenye changarawe sihangaiki: uzi mfupi, kidonge kinachozama, au kimoja kinachozama na nusu ya kinachoelea juu yake ili uzito wa ndoano usawazike. Kwenye tope mambo ni mengine. Chubwi likizama sentimita kumi linavuta uzi mfupi nalo, na chambo chako kizuri kinazikwa. Hapo narefusha uzi hadi sentimita 25 au zaidi na kutumia chambo kinachoelea kidogo, kilichopunguziwa kuelea kwa kidonge kidogo cha uzito laini wa kufinyanga kwa vidole, ili kikae sentimita mbili tatu juu ya uchafu. Kwenye magugu natia ndoano na chambo chote ndani ya mfuko wa plastiki unaoyeyuka majini, pamoja na konzi ya punje ndogondogo. Unazama bila kushika jani, dakika chache baadaye umeyeyuka na ndoano imekaa wazi juu ya kifungu cha chakula. Mikono iwe mikavu, maana mfuko huo unaanza kuyeyuka vidoleni mwako.

Aina nyingine za mpangilio ziko nyingi, zina majina na mashabiki wake, na sizibezi. Ila usiku, vidole vikiwa vya baridi na mvua inanyesha, mpangilio wenye vipande sita ni nafasi sita za kukosea. Hizo tatu zinanitosha.

Chambo sasa. Vile vidonge vya dukani, boili, asili yake ni wazo la mvuvi wa Kent, Fred Wilton, aliyeanza kufikiri kwamba karpi angerudia chakula chenye lishe ya kweli kuliko donge la unga lenye harufu tu. Alichanganya protini za maziwa na mayai, na uchemshaji ukaja kukipa chambo ngozi ngumu ambayo samaki wadogo hawawezi kuimega. Hoja ya lishe bado inabishaniwa kandokando ya maziwa mpaka leo. Ile ya ngozi ngumu haina ubishi: chambo kinachoweza kukaa saa nane majini kikiwa kizima ndicho kinachofaa kwa mtu anayetaka kulala.

Mimi najitengenezea. Nusu unga wa soya, nusu semolina, hapo umeshapata msingi wa bei nafuu. Natoa sehemu ya msingi huo na kuweka unga wa dagaa, dagaa walewale wa Mwanza ninaowanunua kwenye duka la Waafrika, waliosagwa hadi wakawa vumbi. Navunja mayai sita, chumvi kidogo, nakanda mpaka donge liache kunata mkononi. Unasokota vipira vya milimita 15, unavitumbukiza kwenye maji yanayochemka, vinaelea, unahesabu dakika moja na nusu, unaviopoa na kuvianika juu ya taulo. Nyumba inanuka mwalo wa Kirumba kule Mwanza saa saba mchana. Mke wangu amenihamishia jiko la gesi bustanini, na sina hoja ya kumpinga.

Dagaa hufanya vizuri kuanzia Mei hadi Oktoba hivi, maji yakiwa na joto. Majira ya baridi nawaacha kabisa. Mafuta ya samaki katika maji ya nyuzi 6 au 7 hugandamana, hayasambai, na harufu hubaki imefungwa ndani ya kidonge. Halafu karpi mwenyewe, mwili wake ukifuata joto la maji, husaga chakula polepole na hula kidogo sana. Wakati huo nataka kitu kinachoyeyuka upesi: chambo kitamu cha maziwa, kidogo, kimoja kimoja, bila kumwaga chochote kingine kando. Ikiwa imeganda kweli, punje mbili za mahindi.

Na mahindi ya kopo msiyadharau kwa sababu ni ya bei ya chini. Rekodi ile ya Walker ilipitwa Juni 1980, kwenye bwawa lilelile la Redmire, na Chris Yates, kwa samaki wa ratili 51 na nusu, zaidi ya kilo 23. Chambo chake kilikuwa mahindi matamu. Afrika Kusini wanavua karpi kwa donge la unga wa mahindi uliopikwa, ambalo wewe na mimi tungeliita ugali mgumu uliotiwa harufu ya kitu kitamu. Nimeujaribu kingoni hapa, nikiupika mgumu zaidi ya ule wa mezani na kuukanda na asali kidogo. Unanasa. Tatizo ni kwamba brimu, samaki wengine wa maziwa ya hapa, nao wanaupenda, na usiku brimu wanakuja kwa makundi, walaini na wenye ute, wakikuamsha kila nusu saa.

Chambo kingine ninachokiheshimu ni ndago. Viazi vyake vidogo vilivyokaushwa, hapa huuzwa kwa kilo kwa ajili ya karpi, unaviloweka saa 24 na kuvichemsha nusu saa hadi viwe vimejaa maji, na ukiviacha kwenye maji yao siku mbili vinatoa ute mtamu. Usivitupe vikiwa vikavu, vinaweza kumdhuru samaki vikivimba ndani yake. Maziwa mengi yamevipiga marufuku kwa sababu hiyo, soma kibao. Pale vinaporuhusiwa vina sifa moja ya usiku isiyo na mpinzani: kamba wa mto wa Kimarekani, walioletwa Uingereza miaka ya 1970 kufugwa wakatoroka, wanachelewa kuvimaliza. Kamba hao hutoka gizani na kula boili yako hadi ubaki na unywele mtupu, nawe unalala ukiamini umetega. Ziwa lenye kamba, tumia ndago, au punje ya mahindi ya plastiki juu ya unywele, iliyolowekwa kwenye maji ya mahindi halisi. Ndiyo, plastiki. Karpi anaifyonza.

Rangi mimi siipi uzito usiku. Mchana kidonge cheupe au cha njano kinavuta jicho kwenye maji maangavu, lakini saa sita ya usiku, mita mbili chini, naamini ndevu na pua zaidi. Kiasi nakipunguza pia: konzi mbili tatu za boili zilizopasuliwa ili zitoe harufu, basi. Ukimwaga ndoo nzima na wakala brimu, umelisha brimu.

Kabla jua halijazama kazi ya mwisho ni vipimo. Nachomeka vijiti viwili ardhini kwa umbali wa futi 12, nauzungusha mshipi kati yake nikihesabu, naubana kwenye rili kwa idadi ileile. Kisha natafuta alama ng'ambo itakayoonekana hata gizani, kilele cha mti kinachochomoza kwenye anga. Saa nane usiku, nikishamrudisha samaki na inabidi nitupe tena, nageukia mti wangu, natupa, mshipi unakwama palepale ulipobanwa, na chubwi linagota kwenye changarawe ileile. Ndoano nyingine tatu zimeshafungwa, ziko kwenye boksi, vyambo juu yake. Godoro la kumlaza samaki limeloweshwa, wavu wa kuopolea umeegemea upande wa kulia, kila kitu mahali ambapo mkono utakifikia bila taa.

Mwenzangu mmoja wa Nakuru aliniuliza kama haya yote yangefaa Naivasha, maana karpi wako kule pia. Walitoroka mabwawa ya kufugia wakashuka na mto Malewa miaka ya mwanzo ya 2000, na baada ya muda wakawa samaki anayevuliwa kuliko wote ziwani. Unywele ungefanya kazi, na ugali ungefanya kazi zaidi, kwa sababu kule hakuna aliyewazoesha boili. Apate kibali chake, atafute sehemu yenye ugumu chini, na avue mchana. Usiku kingo za Naivasha ni za viboko wanaotoka kulisha, na hao hawasubiri uzungushe rili.